Shoga yangu anataka tukajaribu kiwanja kipya cha kula Masaki, mfuko wangu unasita

Wapendwa wa safu ya Mezani, shikamooni.

Mimi ni dada wa miaka 28, naishi Tabata, nauza vifaa vya simu Kariakoo. Nina shoga yangu wa tangu sekondari, sasa anaishi Muscat, na wiki hii yuko Dar kwa likizo. Kuna mgahawa mpya umefunguliwa Masaki, wa sushi (ule wali wa Kijapani na samaki, mara nyingi mbichi) na vitu vya kuchoma, kila mtu anaposti. Ameniambia, "Twende tukapajaribu Jumamosi." Nataka kwenda, tena sana. Ila nina kovu.

Mwaka jana alipokuja tulikwenda mgahawa mwingine wa aina hiyohiyo. Niliagiza supu ya 18,000 na juisi ya 12,000. Yeye akachukua kamba kochi, kwenye menyu kaandikwa 95,000, na mokteli (vinywaji vya mchanganyiko visivyo na pombe) mbili za 22,000 kila moja. Maji ya 8,000 tulikunywa wote. Bili ikaja 279,070. Akasema, "Tugawane nusu kwa nusu shoga, tusisumbuane." Nikalipa 139,535 kimyakimya. Mpaka leo sijaelewa supu na juisi viligeukaje laki na ushee.

Safari hii nina 80,000, nauli nimeiweka pembeni. Sushi sijawahi kula na vijiti sijui kushika. Mimi ni Mwislamu. Nikiuliza wahudumu naambiwa "kila kitu halali dada", huku nyuma yao rafu imejaa chupa. Halafu mwenzangu hagusi chakula mpaka akipige picha za kutosha, mimi nasubiri kinapoa. Sitaki kumuudhi wala kuonekana bahili. Na je, nikibakisha, ni aibu kuomba kufungiwa?

Mpima Mfuko, Tabata

JIBU

Marahaba, mdogo wetu. Tuanze na ile bili ya mwaka jana, maana nusu ya majibu ya Jumamosi yako imo humo.

Ukijumlisha kwa macho yale mliyoagiza unapata 177,000. Lakini ile 95,000 ya kamba kochi haikuwa bei ya sahani. Ilikuwa bei ya kilo, na maneno "kwa kilo" kwenye menyu za namna hii huandikwa kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Tumepiga hesabu kurudi nyuma: ili bili ifike pale ilipofika, kochi wenu lazima alikuwa na kilo 1.4, yaani 133,000. Jumla ya vyakula na vinywaji ikawa 215,000. Ikaongezwa ada ya huduma ya asilimia 10, ikafika 236,500. Juu ya hiyo ikapigwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, ikatua 279,070 kamili. Mgahawa haukukosea hesabu hata shilingi.

Sasa fungu lako. Supu, juisi na nusu ya maji ni 34,000. Ukiweka huduma na kodi ni 44,132. Ulilipa 139,535. Tofauti ni 95,403, na hiyo ndiyo zawadi uliyompa shoga yako bila mwenyewe kujua kwamba amepewa. Tunalisema hili kwa sababu tunahisi umekuwa ukimlaumu moyoni. Aliyekula kamba kochi huona nusu kwa nusu ni jambo jepesi. Aliyekunywa supu ndiye mwenye wajibu wa kusema, na asiseme bili ikiwa mezani. Aseme kabla.

Na kuna suala la neno lenyewe. Kwa lugha yetu, "nakupeleka", "leo nakutoa" au "njoo nikulishe" maana yake anayesema ndiye analipa. "Twende tukapajaribu" haimaanishi hivyo. Hapo kila mtu anabeba mzigo wake. Yeye amesema twende. Kwa hiyo hujaalikwa, umeshirikishwa, na una haki zote za mshirika, pamoja na ya kutaja kiwango chako. Mtumie ujumbe leo, usingoje Jumamosi. Mfupi, wa furaha, wenye tarakimu ndani: "Shoga, nina hamu na hicho kiwanja! Mwezi huu nimejipanga na elfu 80, kwa hiyo tuombe bili mbili, kila mtu ajiachie kwa nafasi yake. Nikuchukulie meza?" Usieleze kodi ya nyumba wala ada ya mdogo wako. Ukianza kujitetea, yeye ataanza kukuonea huruma, na hapo atasema "usijali nitalipa mimi", jambo ambalo litakutesa zaidi ya bili. Akilisema hata hivyo, na kwa moyo, kubali mara moja kwa shukrani, kisha lipia wewe kahawa ya siku nyingine.

Tukija kwenye 80,000 zako, kuna hesabu moja ya kukariri. Ukiona alama mbili za kujumlisha (++) mwishoni mwa menyu, au maneno madogo kwamba bei hazijumuishi kodi na huduma, gawanya fedha yako kwa 1.3. Sababu ni kwamba asilimia 10 ya huduma ikifuatwa na asilimia 18 ya VAT haileti 28. Inaleta karibu 30, kwa kuwa kodi inapigwa hata juu ya ile huduma. 80,000 ukigawanya kwa 1.3 ni kama 61,500. Hiyo ndiyo fedha unayoagizia, ile nyingine ishaondoka kabla hujakaa. Mfano kwa bei za kukisia: rolo moja (wali uliokunjwa kwa karatasi ya mwani na kitu katikati) 28,000, sahani ndogo ya kuchoma 15,000, juisi 12,000, nusu ya maji 3,000. Jumla 58,000, bili yako 75,284, na unabakiwa na kama 4,700 za bakshishi.

Kama bei zimeshajumuisha kila kitu, basi 80,000 ni 80,000. Ndiyo maana unapiga simu kabla. Maswali ni haya tu: bei zina kodi na huduma ndani au nje, mnadai dipoziti ya meza, na je, inakatwa kwenye bili, kuna kima cha chini cha matumizi kwa mtu, mnaweza kufungua bili mbili kwa meza moja. Kisha omba watume menyu yenye bei kwa WhatsApp na jibu la dipoziti liwe la maandishi. Mgahawa unaoogopa kutuma bei zake umeshakujibu.

Ukikuta menyu ya dola, kumbuka kwamba tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni za Serikali zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Uliza bei kwa shilingi. Na mwambie mwenzako rial zake za Oman azipeleke kwanza duka la kubadilishia fedha. Asimpe mhudumu azikadirie kichwani.

Siku yenyewe hatuipendi. Mgahawa mpya Jumamosi usiku ni jiko lenye wapishi ambao bado hawajazoeana, na limefurika. Ndipo sahani zinapotoka kwa kupishana, mmoja anakula mwenzake anatazama, na ile iliyosubiri kwenye kaunta ikija imeshanyauka. Kama likizo yake inaruhusu, nendeni Jumanne hadi Alhamisi, mchana. Migahawa mingi ya aina hii huwa na seti ya chakula cha mchana yenye bei nafuu kuliko menyu ya jioni, tena mpishi ana muda wa kuiangalia sahani yako. Kama ni lazima Jumamosi, chukueni meza ya saa 11 jioni.

Saa 11 itatatua na ile shida ya picha. Kabla ya saa 1 jua la Dar limeshazama, mwezi wowote, na baada ya hapo mwenzako atapambana na taa za rangi ya chungwa huku tempura yako (vitu vilivyokaangwa ndani ya ganda jepesi la unga) ikilegea. Omba meza ya karibu na dirisha au ya nje. Halafu mpange zamu: vinywaji na sushi apige atakavyo, sushi haina moto wa kupoteza. Vitu vya kukaanga na vya kuchoma apige picha mbili, mle. Ganda la tempura linaanza kunywa mvuke wake lenyewe ndani ya dakika chache, na karatasi ya mwani kwenye rolo la mkononi inageuka mpira upesi kuliko hapo. Mwambie hivyohivyo, kwamba ni kwa faida ya chakula. Mtu anayeposti chakula hapendi kuposti kilicholegea.

Mkifika, sentensi ya kwanza kwa mhudumu, kabla hata ya maji, iwe: "Kaka, tunaomba bili mbili, hii ya kwangu, hii ya dada." Hapo anafungua akaunti mbili kwenye mashine na kila oda inaingia mahali pake. Ukingoja mwisho unamlazimisha kuchambua karatasi moja, na kama risiti ya EFD (mashine ya kodi) imeshatoka, haifutiki kirahisi. Ndipo mtu anapoona aibu na kusema basi nusu kwa nusu.

Maji nayo ni mtego wa kistaarabu. Utaulizwa, "Ya gesi au ya kawaida?" Ukisema ya kawaida unaweza kuletewa chupa ya kioo iliyovuka bahari. Sema, "Ya kawaida, ya hapa nchini, chupa kubwa." Mkiletewa mikate au vitu vya kutafuna msivyoagiza, uliza kama ni vya bure kabla hujagusa.

Chochote kilichoandikwa kwa kilo, au chenye herufi MP mahali pa bei, yaani bei ya soko ya siku hiyo, usikiagize bila kuona mizani. Muombe akulete samaki au kamba akiwa mbichi, apimwe, akutajie jumla kwa shilingi, ndipo aende jikoni. Uzito unaolipia ni wa mnyama mzima na ganda lake. Kamba kochi wa bahari yetu hana magando makubwa, nyama karibu yote iko mkiani, na mkia ni kama theluthi ya uzito. Kwa hiyo yule wa kilo 1.4 alimpa shoga yako nyama isiyofika hata nusu kilo.

Kwenye sushi sasa. Kwa mtu wa mara ya kwanza tunashauri uanze na rolo lenye kitu kilichopikwa ndani: kamba wa tempura, au kuku, au parachichi na tango. Rolo moja kwa kawaida hukatwa vipande sita hadi nane, linatosha mtu mmoja asiye na njaa ya kuanzia asubuhi. Nigiri ni kitonge cha wali na kipande cha samaki juu, mara nyingi viwili kwa oda. Sashimi ni samaki mbichi peke yake, hana wali. Huyo mwachie mwenzako, uonje kipande kimoja. Ukiona "kaa" kwenye rolo la bei rahisi, mara nyingi ni surimi, yaani nyama ya samaki mweupe iliyosagwa na kupakwa rangi ya kaa. Usilipe bei ya kaa.

Kile kidonge cha kijani si parachichi. Ni wasabi, au tuseme ukweli, mara nyingi ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi, na ukikitia chote mdomoni utatokwa machozi kupitia puani. Chukua kiasi cha punje ya mchele. Vile vipande vya tangawizi havikai juu ya sushi. Unakula kimoja kati ya aina na aina kusafisha ulimi. Mchuzi wa soya mimina kidogo, na nigiri igeuze uchovye upande wa samaki. Ukichovya wali unanywa mchuzi, unavunjika, na kinachobaki ni uji wenye chumvi.

Vijiti visikunyime raha. Nigiri kwa asili huliwa kwa mkono, na hapo wewe ndiye mwenyeji. Ukitaka kujaribu, kijiti cha kwanza kilaze kwenye panda ya gumba na kidole cha shahada, chini kiegemee kidole cha pete. Hicho hakitembei kabisa. Cha pili kishike kama kalamu, ndicho kinachopanda na kushuka. Wengi wanakosea kwa kushika karibu na ncha, vijiti vinapishana kama mkasi na kipande kinaruka. Shika juu, kwenye theluthi ya mwisho. Ukipumzika vilaze pembeni. Usivisimike kwenye wali, kwa Wajapani hiyo ni ishara ya msiba.

Kuhusu halali, jibu la "kila kitu halali dada" mara nyingi linahusu bucha walikonunua nyama. Michuzi ni habari nyingine. Uliza kwa majina: mchuzi wa teriyaki una mirini? Mirini ni mvinyo mtamu wa mchele na imo kwenye michuzi mingi ya Kijapani inayong'aa. Wali wa sushi unatiwa siki ya mchele, sukari na chumvi, lakini majiko mengine huongeza mirini humohumo. Uliza pia kama kuna sake, pombe ya mchele, kwenye nyama iliyolowekwa, kama nguruwe yumo kwenye menyu, na kama mafuta ya kukaangia ni mamoja. Kwenye kitindamlo, tiramisu (kitamutamu cha Kiitaliano chenye kahawa) mara nyingi hutiwa pombe. Mhudumu asipojua, mtume kwa mpishi, bila aibu. "Nina mzio, naomba umuulize mpishi" unaulizwa kila siku, na hili lina uzito uleule. Akirudi na jibu la haraka mno, agiza cha kuchoma kwa chumvi na limau.

Samaki mbichi ana masharti. Mjamzito amwache. Anayetolewa mbichi anatakiwa awe aligandishwa kuua minyoo, kwa kiwango kinachotumika sana cha nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, uliza tu, "Samaki wenu wa sashimi mnamgandisha?" Jodari ana hatari yake. Akikaa kwenye joto nyama yake hutengeneza histamini, na kupika hakuiondoi. Dalili yake ni ulimi kuwasha kama umekula pilipili wakati sahani haina pilipili, kisha uso kuwaka. Ukihisi hivyo kwenye tonge la kwanza, acha na mwite mhudumu. Uso ukishaanza kuwaka au kifua kubana, nenda hospitali.

Na ukiletewa kisichokuwa chako, au kimepoa, sema kwenye tonge la pili. Ukila nusu ndipo ulalamike, umeshakinunua.

Malipo. Karatasi inayoletwa kwanza kwenye kijalada ni ya kukujulisha tu. Soma mstari kwa mstari, ulipe, kisha dai risiti ya EFD. Juu yake kuna TIN (namba ya mlipakodi), na pale penye VRN (namba ya usajili wa VAT) panaonyesha kama biashara imesajiliwa kwa VAT. Usajili huo ni wa lazima kwa mauzo kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Asiyesajiliwa hana haki ya kukutoza hiyo asilimia 18. Ukilipa kwa simu, jina linalotokea kabla ya namba ya siri liwe la mgahawa na si la kijana aliyewahudumia. Ada ya huduma ikishakatwa, bakshishi si deni. Ukiamua kutoa, toa taslimu, mkononi kwa aliyewahudumia, kwa sababu ile ya kwenye bili haifiki kwake kila mahali.

Kubakisha si aibu, umelipia. Kuku, kamba waliopikwa, nyama ya kuchoma, vifungiwe, viingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu vitoke jikoni, na kutoka Masaki hadi Tabata kwa foleni ya Jumamosi saa moja ishaondoka. Samaki mbichi usimbebe, mmalize au mwache. Wali wa sushi nao ukilala kwenye friji unakuwa mgumu kama makoko, hivyo rolo lililobaki lile usiku huohuo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na baadhi ya migahawa huuza mfuko mbadala, kwa hiyo weka wako kwenye mkoba.